Je, Ni Mungu Aliyezibomoa Nyumba?



Jumamosi, 10 Septemba 2016, alasiri, nchi ilitetemeka huko Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi zikabomoka. Hata majengo ya Shule ya Sekondari ya Ihungo yaliharibika vibaya.

Penye matanga, hapa Bukima kama mahali pengine, husemwa: Kazi ya Mungu haina makosa. Neno hili hufariji, nasi hatulidharau. Lakini mtoto wa shule akituuliza, "Mwalimu, kama Mungu aweza yote, mbona hakuizuia nchi isitetemeke?" tutamjibuje?

Wako wajibuo upesi kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi. Jibu hili ni la uongo, tena la ukatili. Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wenzao.

Wengine, wenye elimu ya miamba, hutuambia kwamba nguvu zilizo chini ya nchi ndizo zilizoinua upande wa magharibi zamani sana, mito ikazuiwa, maji yakakusanyika, likawa ziwa hili litupalo sato na dagaa. Ni kweli: kama nchi isingalitikisika kamwe, ziwa letu lisingalikuwapo. Lakini mama aliyemfukua mwanawe katika kifusi, je, atafarijika kwa sababu sisi twala samaki? Faida ya jirani si malipo ya msiba.

Sisi twaona kwamba yafaa kutenga mambo mawili: kutikisika kwa nchi, na kuanguka kwa nyumba. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9. Penye nyumba imara, tetemeko la kadiri hiyo huweza kupita na watu wakatoka salama. Ukuta wa matofali mabichi, usiofungwa kwa nondo, huanguka. Ukuta huo hakuujenga Mungu. Wala tusimlaumu mjane aliyejenga kwa udongo kwa kukosa fedha. Tujilaumu sisi tuliojua, tukanyamaza.

Hata hivyo, hoja hii haimalizi yote. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Mbele ya tope lile, hata nyumba ya fundi hodari ingalifaa nini? Hapo swali la mtoto lasimama palepale, nasi hatuna jibu la kumpa.

Ila twakumbuka habari za Ayubu. Yeye alimwuliza Mungu kwa uchungu mwingi, wala hakukataliwa kwa kuuliza. Waliokemewa ni rafiki zake, waliojifanya kujua sababu ya mateso ya mwenzao.

Basi, tusimsingizie Mungu ukuta tulioujenga vibaya. Wala tusiende matangani kumweleza aliyefiwa kwa nini amefiwa. Tuketi naye kwanza, tulie naye. Kisha tushike majembe, tumsaidie kujenga tena, na safari hii tujenge vema. Na mtoto akituuliza tena, tusimkemee. Tumwambie kwamba sisi nasi twauliza.