Mwenye Zamu na Mwenye Soko

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2024, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, watu wawili waliingia katika ulingo wa pembe nane kugombea mkanda wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa kuliko zote katika mapigano mchanganyiko, mchezo unaojulikana duniani kwa herufi tatu za MMA, ambamo ngumi, mateke, mieleka na kabari zote ni halali. Mmoja alikuwa Jon Jones, Mmarekani wa miaka 37, ambaye wajuzi wengi humhesabu kuwa fundi mkubwa kuliko wote waliopata kuucheza mchezo huo. Wa pili alikuwa Stipe Miocic, Mmarekani mwenziwe wa miaka 42, bingwa wa zamani, ambaye hakuwa amepigana tangu Machi 2021, na pambano lake hilo la mwisho alilipoteza kwa kuangushwa na Francis Ngannou wa Kameruni. Ukumbini humo humo alikuwepo Mwingereza Tom Aspinall, wa miaka 31, aliyekuwa ameushika mkanda wa "bingwa wa muda" kwa mwaka mzima, na aliyeutetea mjini Manchester Julai 2024 kwa kumwangusha mpinzani wake katika dakika moja. Jones alimshinda Miocic katika raundi ya tatu. Aspinall alitazama.

Si vigumu kueleza kwa nini zamu ilikwenda ilikokwenda. Majina ya Jones na Miocic yalikuwa yamekaa vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka kumi, na jina ni bidhaa. Aspinall alikuwa na ngumi nzito na miguu miepesi, sifa ambazo huuzika polepole. Mpanga mapambano akapima faida, akachagua. Linalobaki ni kuuliza kama alikuwa na haki ya kuchagua hivyo, na swali hilo ni pana kuliko ulingo.

Jawabu jepesi husema kwamba haki anayo. Kampuni ni mali ya wenyewe. Taa ni zao, ulingo ni wao, na hasara ikija ni yao. Mtazamaji naye hakushikiwa fimbo: alitoa fedha yake kwa hiari kuona alichotaka kuona. Mwanafalsafa wa Kimarekani Robert Nozick aliipa hoja ya namna hii umbo lake mashuhuri katika kitabu alichokitoa mwaka 1974. Alimchukua Wilt Chamberlain, mchezaji wa mpira wa kikapu, akamtaka msomaji afikirie kila mtazamaji akitia senti 25 katika kisanduku chenye jina la mchezaji huyo. Watu milioni moja wakifanya hivyo, Chamberlain atapata dola 250,000 zaidi ya wenziwe. Amedhulumiwa nani, ilhali kila mmoja ametoa chake kwa ridhaa yake?

Hoja hii ina nguvu, na wanaoipuuza aghalabu ni wale wasiopata kulipia tiketi hata moja. Lakini ndani ya mfano huo mna jambo ambalo Nozick hakuwa na haja ya kulitaja, kwa kuwa halikumhusu. Chamberlain hakupelekwa fainali na kisanduku. Timu yake ilibidi ishinde mechi, vikapu vikahesabiwa, na timu iliyoshindwa ilirudi nyumbani hata ingalikuwa na nyota mia. Fedha ilikifuata kipimo. Watu walimpenda Chamberlain kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwisha kueleza ni nani. Katika mapigano mchanganyiko mpango umepinduliwa: fedha hutangulia, nayo ndiyo inayoamua nani apimwe na nani asubiri nje. Ridhaa ya mtazamaji haiwezi kuhalalisha jambo hilo, kwa sababu mtazamaji aliulizwa kama anataka kumwona Miocic, hakuulizwa kama Miocic ndiye aliye aula kupata zamu.

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, aliuliza zumari lililo bora apewe nani, akajibu kwamba si mwenye nasaba wala mwenye sura njema, bali mpigaji hodari, maana nasaba na sura haziongezi chochote katika upigaji. Mkanda nao una kazi yake. Ni ushahidi: unasema kwamba aliyeuvaa amewashinda waliostahiki kusimama mbele yake. Kazi hiyo ikiondolewa, kinachobaki ni ngozi na bati lililopakwa dhahabu.

Muuza mchele ana uhuru wa kupanga bei, kupamba duka na kumwita mteja kwa sauti ya kumvuta. Pishi yake, hata akiwa ameinunua kwa fedha yake mwenyewe, haiko mkononi mwake kwa namna ile ile uliyoko mchele. Pishi ni amana ya soko zima. Akiinyanyua kitako kwa ndani hakumpunja mteja mmoja tu. Amelifanya neno "pishi" lisiwe na maana kwa kila anayelitamka. Mkulima wa karafuu aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya mtu mwingine analijua hili bila ya kumsoma Aristotle. Juni 2025 ilitangazwa kwamba Jones amestaafu, na Aspinall akafanywa bingwa kamili bila ya kurusha ngumi. Kwa miezi kumi na tisa kipimo kilikuwepo, watu wa kupimwa walikuwepo, na hawakukutanishwa.

Ndondi, pamoja na uchafu wake wote, ambao ni mwingi, angalau zilimtenganisha mwenye mchele na mwenye pishi. Promota huandaa pambano, na mashirika mengine hutoa mikanda na kupanga daraja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali huyataka mashirika hayo yawe na vigezo vya maandishi katika kuwapanga mabondia. Mapigano mchanganyiko hayamo katika sheria hiyo. Humo, anayeandaa pambano, anayemfunga mpiganaji kwa mkataba na anayetoa mkanda ni mmoja. UFC ilianzisha orodha ya daraja mwaka 2013 kwa kura za waandishi wa habari, lakini orodha hiyo haikupata kumfunga mpanga mapambano; huitumia inapomfaa na kuipita inapomzuia.

Haifai, hata hivyo, kuidharau biashara kama kwamba wapiganaji hula sifa. Kampuni hiyo ilinunuliwa Januari 2001 kwa dola milioni 2, ikiwa taabani. Mwaka 2016 iliuzwa kwa kiasi cha dola bilioni 4. Kati ya bei hizo mbili pana wapiganaji wengi wenye ulimi mwepesi, na wengi zaidi wakimya waliopata riziki katika usiku ambao watu walikuja kumtazama mtu mwingine. Wala si kila pambano la kuuza ni la kupunja. Afrika Mashariki nayo ilionja utamu huo katika miaka ya 2022 na 2023, wakati bondia Karim Mandonga, Mtu Kazi, alipowavuta watu kwa maneno yake kuliko kwa rekodi yake, na hata alipopigwa walirudi kumsikiliza. Kila aliyelipa alijua ananunua kichekesho pamoja na ngumi, akapewa vyote viwili. Pambano la furaha likiuzwa kwa jina la furaha halina lawama. Lawama huanza pale furaha inapovikwa mkanda.

Upande wa pili nao una mtihani wake, na wapenda haki hupenda kuuruka. Jon Fitch, Mmarekani wa uzito wa welter, alishinda mapambano yake manane ya kwanza katika UFC. Ufundi wake ulikuwa kumlaza mpinzani chini na kumgandamiza hadi kengele ilie, na kumtazama kulihitaji subira ya mvuvi wa mshipi. Alipewa zamu yake ya kugombea mkanda mwaka 2008, akashindwa na Georges St-Pierre. Februari 2013, baada ya kushindwa na Demian Maia, mkataba wake ulikatwa, ilhali bado alikuwa miongoni mwa kumi bora wa uzito wake. Wengi walilalamika. Lakini washairi wanaujua mtihani huu kuliko mabondia: liko shairi lililotimia vina na mizani, lenye urari na muwala, ambalo halina msomaji wa pili baada ya mtunzi wake. Mtunzi huyo hana wa kumshitaki. Haki ya kupendwa haipo. Haki iliyopo ni ya kupewa zamu pale ambapo zamu ina vigezo, na Fitch aliipata yake. Alichofanyiwa mwaka 2013 kilikuwa ubahili, nao ni dhambi ndogo kuliko uongo.

Kwa Tony Ferguson hesabu ni ngumu zaidi. Alishinda mapambano 12 mfululizo katika uzito mwepesi. Oktoba 2017 alitwaa mkanda wa muda kwa kumkaba Kevin Lee, wakati Conor McGregor, bingwa kamili, alikuwa ametoka kupigana ndondi na Floyd Mayweather na hajautetea mkanda wake hata mara moja. Aprili 2018 Ferguson akaumia goti, na mkanda wa muda ukaondoka. Pambano lake na Khabib Nurmagomedov wa Dagestan lilipangwa mara tano kuanzia 2015 hadi 2020, na mara zote tano likavunjika, kwa maradhi, kwa majeraha, kwa shida ya kupunguza uzito, na mwisho kwa janga la korona. Kwa hiyo si uadilifu kumtwisha mpanga mapambano mzigo wote. Ajali zilikuwa nyingi.

Lakini Oktoba 2018 palikuwa na nafasi isiyokuwa ya ajali. Ferguson alikuwa amepona. Khabib alikuwa ndiye bingwa. Aliyepewa zamu ni McGregor, ambaye hakuwa amepigana mchezo huo tangu Novemba 2016, na usiku ule uliuza matangazo ya kulipia kiasi cha milioni 2.4, zaidi ya usiku wowote katika historia ya kampuni. Ferguson aliwekwa kwenye pambano la kutangulia, siku hiyo hiyo, ulingo huo huo. Alishinda, akateremka, na damu yake ikapigwa deki ili wakubwa waingie.

Mwenye soko anaweza kusema: angojee, zamu yake itafika. Soko huweza kungoja, kwa kuwa lina watu wengine kila mwaka. Goti haliwezi. Mpiganaji ana miaka michache ambayo mkono unafika kabla ya jicho kuuona, na ahadi anayoahidiwa baada ya miaka hiyo hulipwa kwa mtu mwingine mwenye jina lake. Ferguson alipanda ulingoni tena Mei 2020 mjini Jacksonville, kugombea mkanda wa muda kwa mara ya pili, dhidi ya Justin Gaethje. Alikuwa na miaka 36. Kwa sababu ya korona hapakuwa na mtazamaji hata mmoja. Viti vilikuwa vitupu, na kila ngumi iliyompata ilisikika kavu ukumbini. Mwamuzi aliingia kati katika raundi ya tano. Hadi kufika Agosti 2024 alikuwa ameshindwa mara nane mfululizo, na mkanda kamili hakupata kuugombea.