Mkono Unatumwa, Mguu Je?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: mtu akilipa pesa, maua yakafika msibani kwa jina lake, je, yeye amefika?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Limenikuta hapa hapa Getanuwas, wilaya ya Hanang, ambako ukisema unatafuta maua ya kununua watu watakuuliza kama una homa. Huku ua tunaliona kwenye boga na kwenye alizeti, basi.

Alhamisi moja jioni mshikaji wangu wa Dar es Salaam akanipigia simu. Mama yake amefariki, mazishi Jumamosi. Mama huyu kwangu hakuwa mtu wa kusikia tu. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda mjini kubahatisha maisha, alinilaza sebuleni kwake miezi minane na hakuniuliza hata siku moja naondoka lini. Ndiye mtu wa kwanza kuisikia riwaya yangu. Mimi nasoma, yeye anachambua mchicha.

Kutoka hapa ufike kwanza Katesh, ndipo upate basi. Ningeondoka Ijumaa alfajiri ningefika usiku. Na nauli nilikuwa nayo. Sitaki kukudanganya, nilikuwa nayo. Ila nilikuwa nimeiweka ya kuchapisha mswada wangu steshenari. Nikajiambia, aah, nitatuma shada. Bei yake haikufika hata nusu ya nauli.

Nikapanda kwenye mwinuko ambako mtandao unakamata, nikaanza kutafuta wauza maua kwenye simu. Loh! Wa kwanza picha zake zilikuwa nzuri mno: waridi, umande, na nyuma yake dirisha lenye theluji. Theluji, Dar es Salaam! Akataka pesa yote kwanza. Wa pili akanitajia bei, akanyamaza. Wa tatu, dada mmoja, hakuanza na bei. Alisema: "Pole sana kaka. Marehemu dini gani? Ibada ni kanisani au nyumbani? Mwili unatoka saa ngapi?" Kisha akapiga picha ya maua aliyokuwa nayo siku ile, yakiwa kwenye ndoo, akaniambia wazi kwamba waridi jeupe limekwisha. Nikamtumia nusu, nusu nyingine baada ya kuliona shada lenyewe.

Hapo nikafunguka macho. Kiswahili kina "mkono wa pole". Unayemwagiza ndiye anakuwa mkono wako. Ukimchagua ovyo kwa sababu ni rahisi, usije ukasema yeye ndiye aliyemwaibisha marehemu. Ni wewe. Basi kumchagua muuza maua nako ni sehemu ya kuomboleza.

Akaniuliza aandike nini kwenye kadi. Maneno ya kawaida anayo. Nikakataa. Nikamwandikia: "Mama, mchicha bado nauchambua. Mwanao wa sebuleni, Getanuwas."

Jumapili mshikaji akanisimulia. Makaburini waliitwa kuweka mashada, kundi kwa kundi. Ikasomwa kadi yangu. Kimya. Ikarudiwa. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo kijana wa bodaboda aliyelileta shada, ambaye alikuwa bado amesimama nyuma, akavua kofia, akaenda, akapiga goti, akaliweka.

"Watu walidhani ndiye wewe," mshikaji akaniambia. Hakucheka.

Wapo watakaosema acha hizo, dunia ndivyo ilivyo. Waridi za Arusha na Naivasha hupanda ndege mpaka Uholanzi, na anayempa mpenzi wake hajawahi kumwona aliyelikata. Tena mkono uliotumwa si kitu cha kudharau. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilipotelemka kutoka Mlima Hanang, likaingia Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80, misaada mingi ilitoka kwa watu ambao hawajatia mguu huku mpaka leo. Nani aliwauliza mbona hamkuja?

Hakuna. Lakini wale hawakuwahi kulala sebuleni kwetu. Nadhani tofauti iko hapo. Mgeni akituma mkono, ametoa zaidi ya alichodaiwa. Mwana akituma mkono na nauli anayo mfukoni, amepunguza deni kwa ujanja. Maua ni yale yale, bei ile ile, lakini hayasemi neno moja.

Nilimpelekea habari hii mzee mmoja wa Kibarabaig, jirani yetu. Kwao mzee mwenye heshima akifa anaweza kujengewa bung'ed, kaburi linaloinuliwa kwa udongo kwa miezi, ndugu wakilirudia tena na tena. Nilitegemea anigombeze. Akasikiliza mpaka mwisho, akachora chora mchanga kwa fimbo, akasema: "Mwanangu, mkono unatumwa. Mguu hautumwi. Lakini kaburi nalo halihami."

Mswada bado haujachapwa. Pesa ile ninayo. Nimeihesabu jana usiku, na nauli inatosha. Nikifika nitaanzia makaburini. Kisha nitamwomba yule dada wa maua anionyeshe kijana wa bodaboda, nimuulize jambo moja tu: alipopiga goti pale kwa niaba yangu, alimwambia nini mama?