Mtu mzima hakui tena

Ukitaka kuamini kwamba Ifakara ni mji wa baiskeli, simama Kibaoni asubuhi. Bonde ni tambarare, hakuna mlima wa kumtisha mtu. Utamwona muuguzi anayewahi zamu Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mkulima aliyefunga jembe kwenye bomba, mama mwenye ndoo ya samaki kwenye keria na mtoto mgongoni. Wanawake huku wanapanda sawa na wanaume, na hilo si kila mji wa nchi hii unaweza kujivunia.

Sasa tazama viuno. Mtu mrefu ametulia juu ya kiti, miguu tu ndiyo inayozunguka. Mfupi anayumba kushoto na kulia. Kila pedeli ikishuka anaifuata kwa nyonga, na mwisho anaigusa kwa ncha za vidole. Tumezoea kumwona hivyo hadi tunadhani ndivyo anavyopenda kuendesha.

Hesabu ndiyo inayomyumbisha. Baiskeli iliyoenea bondeni ni ile ya magurudumu ya inchi 28: Phoenix ya China, Avon ya India, na wazee watakutajia Swala, iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO hapa hapa nchini. Chukua fremu ya inchi 22, yaani sentimita 56 kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli hadi mwisho wa bomba la kiti. Ongeza mkono wa pedeli, sentimita 17 hivi, na kiti cha springi, sentimita 10. Hata ukikishusha kiti mpaka kigome, kitabaki sentimita 83 juu ya pedeli iliyo chini.

Mpime basi mama mwenye kimo cha sentimita 150. Asimame peku akiegemea ukuta, abane daftari kati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Atapata 68 au karibu na hapo. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba mguu hutoa nguvu vizuri zaidi kiti kikiwa juu ya pedeli ya chini kwa asilimia 109 ya kipimo hicho. Kwa mama huyu ni sentimita 74. Zimezidi 9, na mazoea hayarefushi mfupa.

Nilimsikia mama mmoja akibishana na fundi chini ya mwembe. "Mama, utaizoea tu," fundi alimwambia huku akigongagonga kiti kizame. "Mwanangu, mimi nimeizoea tangu usichana. Kiuno ndicho kimekataa." Fundi akacheka, lakini akainuka. Akapekua sanduku lake la vyuma chakavu, akatoa kiti chembamba kisicho na springi, akakifunga na kuusogeza usukani karibu kidogo. Kikamshusha kama vidole viwili. Si dawa kamili, ila mama aliondoka bila kuyumba sana, na hakuaga kwa maneno mengi.

Kinachonikera ni namna tunavyonunua. Fedha ya mpunga ikipatikana, baba ndiye anayekwenda dukani, na anachagua kwa kimo chake na kwa gunia. Kisha anayeipanda kila siku, mashineni kukoboa, kliniki, shambani, ni mkewe, mfupi kwake kwa kichwa kizima. Mtoto tunamnunulia sare kubwa tukisema atakua nayo. Mtu mzima tunamwambia akue wapi?

Wanaume wafupi nao wanaumia kimyakimya. Baiskeli ya inchi 26 isiyo na bomba la juu, kama zile za mitumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, ingewakaa sawasawa, lakini wanaogopa kuambiwa wamepanda ya kike. Masika yakiingia, tope la njia za mashambani linawaumbua. Kiti kikiwa kwenye kimo sahihi, nyayo hazikanyagi chini ukiwa umekaa. Ukitaka kusimama unateleza mbele ya kiti na kushusha mguu. Bomba la juu likipita kimo cha mapaja yako, huna pa kutelezea. Unaanguka na mzigo wako, au unaumia mahali ambapo gazeti la heshima halipataji.

Wapo watakaonijibu kwamba gurudumu dogo halibebi gunia. Nawakubalia nusu. Keria na fremu za mitumba mingi ni nyepesi, na gunia la mpunga litazipinda. Ila gurudumu lenyewe halina kosa: spoku zikiwa fupi, gurudumu huwa imara zaidi. Fundi mzuri anaweza kukuchomelea keria ya nondo.

Tena jambo hili lilishafanyiwa kazi kwingine. Mwaka 1985 Georgena Terry, mhandisi wa Marekani, alianzisha kampuni ya baiskeli za wanawake. Kwa wafupi aliweka gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma ili fremu ishuke bila kuharibu usukani. Hakumwambia mteja avumilie. Alikata bomba. Sisi tumekaa na fremu ileile miongo kwa miongo, na mwenye mguu mfupi ndiye anayeonekana ana kasoro.

Mavuno yajayo, baba, usiende dukani peke yako. Nenda na mwenzako, mkiwa na futi ya fundi cherehani mfukoni, na apimwe yule atakayeipanda siku nyingi zaidi. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kitoto", mlipe umwache aseme.