Migomba ya Sam Ntiro

Mashamba ya Uchaggani yaliingia katika picha za rangi za mafuta kwa mkono wa Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 mkoani Kilimanjaro. Alisoma Makerere, kisha Chuo cha Slade, London. Wachoraji Claude Monet na wenzake, walioonyesha kazi zao Paris mwaka 1874, walibeba turubai hadi kondeni ili wauwahi mwanga kabla haujageuka. Ntiro, tofauti nao, alichora zaidi kwa kumbukumbu: vilima, njia za vijijini, migomba. Watu wake ni wengi na wadogo, wanafanya kazi pamoja, wala hakuna anayeitawala picha. Hapo ndipo penye uzuri wake hasa. Utulivu wa shamba lake unatokana na ushirika, si na upweke. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ikaingia Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York, mwaka 1960. Baadaye aliiwakilisha Tanganyika London kama balozi. Alifariki mwaka 1993.