Mali Isiyogawanyika

Katika mali ambayo binadamu huachiana kwa urithi, iko ambayo kisu cha mgawanyo hupita ndani yake bila kuiua, na iko ambayo kisu hicho kikiigusa tu haiwi mali tena. Shamba hugawanyika, nafaka, fedha na kundi la ng'ombe hugawanyika, lakini kisima, kinu cha kusagia na chombo cha baharini havigawanyiki, maana nusu ya jahazi si jahazi dogo bali ni kuni. Swali ninalokusudia kulipima hapa ni la kale kuliko mitambo yote: mtu aliyejaaliwa kitu kisichogawanyika, naye anaishi katikati ya majirani wanaokihitaji kama anavyokihitaji yeye, anakimiliki kwa maana gani? Nalitazama swali hili katika Lurambi, kaunti ya Kakamega, kwa sababu huko limesimama wazi shambani, rangi yake nyekundu imechujuka, na lina magurudumu manne: ni trekta kuukuu, ambalo wenyeji huliita tinga.

Lurambi imeukumbatia mji wa Kakamega na kuenea katika nchi ya Abatsotso hadi Bukura, ambako kilimo kimefundishwa tangu 1924. Ni nchi iliyobarikiwa mvua na kuelemewa na watu: hesabu ya 2019 ilikuta katika kaunti nzima watu 1,867,579, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Tangu serikali ya kikoloni ilipotoa Mpango wa Swynnerton mwaka wa 1954, ambao nia yake ilikuwa kila mkulima awe na ardhi yake peke yake pamoja na hati yake, milki ya nchi imekuwa ya mtu mmoja mmoja. Na kwa kuwa baba huzaa wana zaidi ya mmoja, kilichokuwa cha mmoja kimekuwa cha wanne, na cha wanne kimekuwa cha kumi na sita, hata leo yako maboma mengi yanayoishi juu ya nusu ekari au chini ya hapo. Mgawanyo wenyewe hufuata insafu ya namna yake, maana kila mrithi hutaka aguse barabara juu na maji chini, kwa hivyo vipande hukatwa vyembamba na virefu, vikiteremka kutoka njiani hadi kijitoni. Insafu hii kwa watu ni dhuluma kwa udongo, kwani kipande chembamba hakilimiki ila kwa kupanda na kushuka, na tuta lishukalo na mteremko huwa njia ya mvua kuchukulia rutuba. Na anayetaka kulima kwa kuukingama mteremko, kama walimu wa kilimo wanavyousia, hana budi kuligeuzia trekta katika ardhi ya nduguye. Hati imewatenga watu. Jembe la sahani tatu linawarudisha pamoja, wapende wasipende.

Katika matrekta ya kale yanayofanya kazi Kenya, jina lionekanalo sana ni Massey Ferguson, na mashuhuri katika ukoo huo ni lile la namba 135, lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na nguvu za farasi wapatao 45. Asili yake ni fikira za Harry Ferguson, mwana wa mkulima wa County Down huko Ireland, aliyezaliwa 1884 katika nyumba ya dini kali, akaiacha dini ya babake lakini asiiache tabia ya kuhubiri. Na mahubiri yake yalikuwa kwamba mtambo mdogo na wa bei nafuu, ukiwa mikononi mwa kila mkulima, utashusha bei ya chakula na kupunguza ufukara wa ulimwengu. Hekima ya uvumbuzi wake ni kwamba jembe halikokotwi nyuma kwa mnyororo, bali limeungwa na trekta kwa viungo vitatu na nguvu ya haidroliki, hivyo udongo unapolishika jembe kwa ukaidi, uzito wa ukaidi ule huhamia katika magurudumu ya nyuma na kuyakandamiza yasiteleze: mzigo wenyewe ndio unaompa mbebaji uthabiti. Mwaka wa 1938 Ferguson alipeana mkono na Henry Ford wa Marekani, bila karatasi iliyotiwa sahihi, kwamba waunde matrekta pamoja. Muamala ule ukadumu miaka kadha, hata mjukuu wa Ford aliporithi uongozi akauvunja, na kesi iliyofuata ikaishia 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9 na robo. Aghalabu watu husimulia kisa hiki kuonyesha upumbavu wa kuaminiana kwa mkono. Mimi nakiona kikionyesha jambo jingine: ahadi haikuvunjwa na aliyeitoa, bali na aliyerithi kiwanda bila kurithi ahadi.

Sasa tumchukue mzee mmoja wa Lurambi, ambaye si fulani bin fulani bali ni mfano wa wengi, aliyelinunua trekta lake likiwa limekwisha pita mikono miwili, akalima nalo kwa miongo mitatu. Katika muda huo injini imefunguliwa mara kadha wa kadha. Pistoni na ringi zimebadilishwa. Pampu ya haidroliki ilitolewa katika trekta jingine lililokufa. Pini za viungo zilikerezwa na fundi wa jua kali kwa chuma alichokiokota. Na hata usukani si ule uliotoka Coventry. Je, ni lile lile? Wayunani waliuliza hivyo juu ya jahazi la Theseus, ambalo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja, na Plutarch ametuarifu kwamba wanafalsafa walihitilafiana, hawa wakisema ni lile lile, wale wakisema silo. Majirani wa mzee wetu hawahitilafiani, wala si kwa kukosa akili ya kulifikiri swali. Wao hulitambua trekta kwa yale linayotarajiwa kutenda: ndilo linalomlimia mjane wa kule bondeni kabla ya mvua, naye akalipa baada ya mavuno, ndilo linalobeba viti, kuni na maji panapotokea msiba, ndilo linalolivuta gari la mgeni lililozama njiani. Vyuma vimepita na ahadi zimebaki. Ikiwa mtambo ule una dhati, dhati yake ni wajibu unaouandama.

Ahadi hizo hazikuandikwa popote, na katika nchi ile jambo hilo si ajabu. Wakristo waitwao Marafiki, waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka wa 1902 wakiambatanisha Injili na ufundi wa mikono, humfundisha muumini asiape, kwa maana ndiyo yake yapasa itoshe kuwa ndiyo. Ni mafundisho matukufu. Lakini ndiyo ya mtu hufa pamoja na ulimi wake, ilhali kitabu cha usajili wa trekta hubaki sandukuni, na mwana anayekitoa humo baada ya matanga hukuta jina, namba ya injini na mwaka wa kuundwa, asikute habari ya mjane wa bondeni. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga wa pwani, na ahadi pia ni mali.

Wanavyuoni wa fikihi ya Kiislamu, ambao dini yao iliingia Mumias pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, waliichambua mali isiyogawanyika kwa utulivu mkubwa. Walitoa mfano wa hamamu ndogo na kinu, vitu ambavyo vikikatwa manufaa yake hutoweka, wakaona kwamba mahali ambapo mali yenyewe haigawanyiki, manufaa yake hugawanyika, na njia moja ya kuyagawa ni zamu: huyu siku hii, yule siku ile. Ni hukumu ya hekima. Lakini kinu husaga leo kama kilivyosaga jana, na trekta hutenda kazi yake chini ya mbingu. Katika Kakamega mvua kubwa hushika Machi, na kila shamba hutaka kulimwa, kurudiwa, kupigwa haro na kupandwa mahindi na maharage kabla ardhi haijashiba maji. Kwa hivyo zamu ya kwanza na zamu ya kumi, zijapokuwa sawa kwa saa, hazilingani kwa thamani. Aliyelimiwa Februari hupanda na mvua ya kwanza. Aliyelimiwa Aprili hupanda katika matope, na mahindi yake huota baada ya maji kuteremka na sehemu ya rutuba. Mtu anaweza kuwapimia majirani wake muda ulio sawa kabisa, na bado akawa amemdhulumu mmoja wao chakula cha mwaka.

Nani basi atangulie? Soko husema atangulie mwenye fedha mkononi; damu husema atangulie ndugu; milki husema atangulie mwenyewe. Siioni dhuluma katika kauli ya mwisho, maana aliyekesha na mtambo ukivuja mafuta hakosi haki ya kulima kwanza. Dhuluma huingia pale zamu inapobaki kuwa siri moyoni mwa mwenye trekta, ikigeuka kila jioni kwa kadiri ya aliyekuja kumsifu. Insafu inataka mambo mawili: zamu itangazwe kabla ya mawingu, na aliyekuwa wa mwisho mwaka huu awe miongoni mwa wa kwanza mwakani. Na kwa kuwa trekta kuukuu lina desturi ya kuharibika katika shamba la tatu ilhali mengine saba yanangoja, kuna jambo la tatu, ambalo wanavyuoni walilifupisha kuwa kanuni: faida huandamana na dhamana. Mwenye trekta anayepokea ujira ndiye atakayenunua spea. Lakini majirani wanaotaka zamu yao iwe haki, isiwe hisani, hawawezi kukaa kando ya mtaro wakimtazama fundi akitoa jasho. Haki ya zamu ina sehemu yake ya mzigo.

Atauliza msomaji mwenye haraka: tabu yote hii ya nini, na matrekta mapya yanauzwa? Usiache mbachao kwa msala upitao, angejibu mzee; lakini methali si hoja, na hoja ipo. Trekta la kale halina kompyuta: ugonjwa wake huonekana kwa jicho na kusikika kwa sikio, na dawa yake imo mikononi mwa fundi wa karibu, hivyo elimu ya kulifufua ni ya mji mzima. Fauka ya hayo, limekwisha lipiwa. Trekta lililonunuliwa kwa mkopo lina tarehe za kulipa ambazo hazimjui mjane wala hazingoji mavuno, na mwenyewe, hata akiwa mwema, hulazimika kumtanguliza mwenye fedha. Lisilo na deni lina uhuru wa kusubiri, na katika uhuru huo ndimo ihsani inamopata nafasi. Wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya walilijua deni kwa njia nyingine: Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanzishwa 1971, iliwaandalia mashamba kwa mkopo uliokatwa katika malipo ya miwa, na ilipoporomoka, hata 2019 ikatiwa mikononi mwa msimamizi wa wadai, hakubaki kijijini mtu wa kuulizwa zamu.

Lakini kuukuu kwenyewe si baraka. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza huko Kongwa, Tanganyika, mradi wa karanga uliokusudiwa kuenea ekari milioni 3 na robo, na kwa kukosa matrekta mapya wakaleta mabaki ya vita kutoka Ufilipino, na vifaru vilivyogeuzwa kuwa mitambo ya kukwetua ardhi. Mengi yaliharibika mapema, udongo uliokazwa na kiangazi ukawashinda, na Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Matrekta yale yalikuwa makuukuu kama ya Lurambi na yaliyashinda kwa nguvu. Yalichokosa ni mtu aliyezijua tabia zake na jirani aliyeyangoja. Na hapa Lurambi penyewe, mwenye kumpandisha kijana juu ya trekta lisilo na breki, au mwenye kuuacha wazi mhimili unaozunguka nyuma hata ukanase nguo ya mtu, kisha akataja ufukara kuwa udhuru, hatunzi amana, anaabudu chuma.

Ni lini basi trekta liachwe? Sayidina Umar, sahaba wa Mtume Muhammad, alipopata ardhi huko Khaybar aliiweka wakfu: asili isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yawafae wahitaji. Wanavyuoni wa Kishafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waswahili, walishikilia mno asili izuiwe; wa Kihanbali walisema wakfu ukiharibika hata usiweze kuleta manufaa, na uuzwe, na thamani yake inunue kinachofanana nao. Trekta la mzee wetu si wakfu, kwani hakulitolea nadhiri; lakini hukumu ya Wahanbali inatufunza kwamba kilichostahiki kuhifadhiwa tangu mwanzo ni manufaa. Siku litakaposhindwa kulima bila kuhatarisha roho ya dereva, na liuzwe kwa mkusanya vyuma, na fedha ichanganywe na ya majirani, wanunue trekta jingine, au hata jozi ya maksai, ambao katika nusu ekari hugeuka bila kumwomba ndugu ruhusa.

Jibu langu, basi, ni kwamba mwenye kitu kisichogawanyika anakimiliki kwa maana ya mdhamini: anayo haki ya kutangulia, haki ya ujira, na haki ya kumkataza mlevi asiuguse usukani, lakini hana haki ya kukifia bila kusema. Imempasa mzee, angali na ulimi, awaite wanawe na majirani siku moja, azitaje ahadi zote mbele yao, na mmoja wao aziandike katika daftari litakalokaa pamoja na kitabu cha usajili. Mwana asiyezitaka ahadi hizo asilaumiwe, bali apewe fungu lake kwa thamani ya chuma. Na mwana azikubaliye ndiye apewe trekta, ajapokuwa kitinda mimba.