Kazi ya Mkono Nyumbani: Furaha Isiyouzwa Sokoni

Kwetu hapa Swima, kama vile Mboko, Baraka na Fizi, kuna swali linaloulizwa kila siku, hata kama hakuna anayeliita swali la falsafa. Mtu amekaa nje ya nyumba yake anachonga mwiko au anasuka ungo. Jirani anapita, anamwambia: “Weye unajisumbua juu ya nini? Ku soko si iko?” Jirani hakosei. Sokoni iko kweli: miko, beseni, mabakuli na mikeka ya plastiki ya rangi zote, kwa bei ambayo wengi wanaiweza. Basi, kwa nini kuna watu ambao bado wanatengeneza? Na wanapata nini ambacho mnunuzi hapati?

Wengi hujibu haraka kwamba ni umaskini. Wengine wanasema ni kutafuta feza. Majibu hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Tunawajua walimu ambao wangeweza kununua mpini wa jembe, ila wanaenda wenyewe kutafuta mti wanaoutaka, wanauchonga jioni kidogo kidogo, na usipokaa vizuri mkononi wanaanza tena. Tunawajua akina mama wenye butike zao ambao, mteja akikosekana, wanashika krosheti na kufuma vitambaa vya kufunika viti vya nyumbani kwao. Vitambaa hivyo haviuzwi, na hawavifumi juu ya kukosa. Kumbe kuna jambo lingine.

Hapa hatuzungumzii fundi. Mhunzi, mfinyanzi na fundi wa mitumbwi wana heshima yao, nao wanaishi kwa kazi hiyo. Tunazungumzia mtu wa kawaida ambaye kazi yake ni nyingine, anayetengeneza kitu kwa sababu tu amependa kukitengeneza. Ungo wake pengine umepinda upande mmoja. Gari la waya la mtoto lina magurudumu yasiyolingana, lakini linatembea, na mwenyewe analivuta barabarani kama mkubwa wa kampuni ya usafiri. Furaha hiyo haimngoji mtu mpaka awe hodari.

Furaha hiyo ni nini basi? Kwanza, ni furaha ya kuambiwa ukweli. Watu wanaweza kukusifu kwa sababu wanakuogopa au wanataka kitu kwako. Mti hausifu. Ukiukata vibaya unapasuka mbele yako, uwe chifu, uwe mtoto. Na ukiukata vizuri, unajua wewe mwenyewe kwamba umefaulu, bila kungoja mtu akuambie. Katika nchi ambamo mambo mengi yanapatikana kwa kujuana na kwa maneno, si kitu kidogo kuwa na saa moja kwa siku ambayo maneno hayasaidii.

Pili, ni furaha ya kukijua kitu kutoka ndani. Kabla ya lifti na taa za karabai kuenea katika miaka ya 1950, wavuvi wa ziwa letu la Tanganyika walivua ndagala usiku kwa lusenga, ule wavu wa mkono wenye mdomo wa duara na mpini mrefu, huku moto wa kuni ukiwavuta samaki. Aliyefuma lusenga yake alijua ni fundo gani litakalochoka kwanza. Ikichanika, hakukaa kuomba. Leo nyuzi za nailoni zinatoka mbali, lakini pita ufukweni asubuhi utawaona vijana wamekaa wakishona nyavu na kupiga stori. Anayejua kutengeneza anajua pia kukarabati, na anayejua kukarabati hakiogopi kitu chake kikiharibika.

Tatu, mikono ikiwa na kazi, mdomo unasema vizuri zaidi. Wazee wetu Babembe walikuwa na lubunga, mahali pa wanaume kukutana, kula pamoja na kuamua mambo ya ukoo. Pale lubungani mikono haikukaa bure: huyu anachonga, yule anasuka mgono wa kutegea samaki mtoni. Mtoto alikuwa pembeni akiangalia mikono na kusikiliza maneno kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemwambia kwamba yuko darasani, lakini alitoka pale amejifunza kazi na amejifunza jina la babu wa babu yake.

Tukumbuke pia bwami, tunayoshirikiana na ndugu zetu Barega. Katika bwami, kijiko, kofia au sanamu ndogo havikuwa pambo tu. Kila kimoja kilikuwa na mafundisho yake, na aliyekishika alipaswa kuyajua na kuyaishi. Serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vyake vingi viko leo katika vioo vya majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wageni wanavitazama na kusema ni vizuri. Ni vizuri kweli, lakini neno lake limebaki kwa watu. Wazee wa bwami walijua kwamba kitu kilichopita katika mkono wa mtu kinaweza kubeba neno kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ungo ambao shangazi amemsukia binti anayeolewa hauna cheo cha bwami, ila nao una neno ndani yake, na hata akitafuta sokoni hapati wa kuulingana.

Sasa tuseme lile linalotugusa zaidi. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Wengi waliishi Nyarugusu, wengine Lugufu, kambi iliyofungwa mwaka 2009. Wengi walirudi kuanzia Oktoba 2005, HCR ilipoanza kuwaleta kwa meli mpaka Baraka. Wengine wako kule mpaka leo. Kambini unga, maharage, mafuta, ndoo na shitingi vilikuja kwa mstari na kwa karatasi ya rasheni. Tunashukuru, maana bila msaada ule wengi wasingekuwa hai. Lakini mtu akipokea mwaka baada ya mwaka, anaanza kujiona yeye ni mtu wa kupokea. Hilo ni jeraha ambalo halionekani kwa macho.

Na bado, kopo la mafuta likiisha, kuna aliyelikata akatengeneza kibatari. Mwingine alilitoboa kwa msumari likawa chekeche. Mtoto alichukua kifuniko akapata gurudumu. Kopo liligawiwa, lakini kibatari hakikugawiwa na shirika lolote. Jioni ile mwenye kibatari alikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ya rasheni. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kibatari kile kilikuwa kidogo, ila kilimsitiri mtu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mama anayeamka alfajiri, akateka maji, akaenda shamba, akarudi kutwanga muhogo na kupika bugali, tukimwambia afinyange mitungi juu ya mila, tunamwongezea mzigo. Bidoni ya plastiki ni nyepesi kuliko mtungi, na hilo ni jambo jema. Mara nyingi anayesifu vitu vya zamani ni mwanaume aliyekaa, na anayevibeba ni mwanamke aliyesimama. Tena Wakongomani tunaijua sana ile Artikle 15 yetu, ya kila mtu ajidebruye. Kutengeneza kwa sababu serikali haikuleta kitu, barabara imekufa na mshahara haukulipwa, hiyo siyo furaha tunayoisema hapa. Mtu asisifiwe ubunifu wake ili anaowajibika kwake wapate kulala.

Tofauti iko katika uhuru. Gandhi aliwahimiza Wahindi wasokote pamba nyumbani ili wasitegemee nguo za Uingereza. Nyerere, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliwataka Watanzania wajitegemee. Hayo yalikuwa mambo ya taifa zima. Letu ni dogo zaidi: ni saa moja ambayo mtu amejichagulia mwenyewe, kitu ambacho angeweza kukiacha asikifanye, na hakuna wa kumkemea kikipinda. Saa hiyo mama naye anaihitaji kama baba. Kama nyumbani ni baba tu anayeipata, basi kwanza watoto wa kiume wakateke maji.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa wazazi na walimu, jambo moja rahisi. Usimtupie mtoto waya na makopo yake ukisema ni takataka. Mwonyeshe namna ya kufunga fundo, ya kushika kisu bila kujikata, ya kuanza chini ya ungo. Akiharibu, mwache aanze tena. Watoto wengi wa Fizi wamekua wakiona kwamba kila kizuri kinashuka kutoka kwenye gari la shirika au kwenye meli. Ni haki yao kujua, mapema, kwamba kingine kinaweza kutoka mikononi mwao.