Ufungeni Mlango 445

Wakuu wa ofisi, walimu wakuu, wahasibu, mafundi wa mitandao, nisikilizeni! Mtumishi yuko safarini, faili liko kwenye seva ofisini, na mkubwa analitaka kabla ya saa nne. Haja hiyo ni ya haki. Sihubiri kwamba watu wakeshe kazini. Lakini tazameni inavyotimizwa: fundi anaingia kwenye ruta, anafungua mlango 445, ule ambao Windows hupitishia mafaili ya pamoja, na kuuacha wazi kwa dunia nzima. Faili linafika, watu wanashukuru. Tangu saa hiyo seva yenu imekaa barabarani, haina geti wala askari.

Msiseme, "Sisi wadogo, nani atatujua?" Programu zinazosaka milango ya namna hiyo hazisomi kibao cha ofisi, hugonga kila anwani, usiku na mchana. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry kilipita mlango huohuo. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha ufa ule tangu Machi, na wengi hawakukiweka. Kompyuta zikafungwa katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi kwa maelfu. Wagonjwa, ndugu zangu, walirudishwa nyumbani!

Basi wekeni VPN. Seva ibaki ndani, isionekane nje kabisa. Mtumishi aingie kwanza kwenye mtandao wa ofisi kwa ufunguo wake, ndipo afungue faili. Programu ya VPN iitwayo WireGuard ni ya bure, na asiye na ufunguo akigonga hajibiwi hata neno. (Wenye intaneti ya laini ya simu, ambao anwani ya nje wanagawana na wateja wengine, watahitaji kukodi seva ndogo ya kupokelea.)

Wala msilale mkishaiweka. Mwaka 2021 wezi waliingia Colonial Pipeline, kampuni ya bomba kubwa la mafuta Marekani, kwa kupitia VPN yenyewe: akaunti ya zamani isiyotumika tena, nywila moja, bila uthibitisho wa pili. Bomba likasimama siku kadhaa, vituo vya mafuta vikakauka, kampuni ikawalipa wezi fidia ya dola milioni 4.4 hivi. Akaunti moja iliyosahauliwa! Na ninyi je? Karani aliyeondoka mwaka juzi, akaunti yake imefutwa? Nywila ya ruta si ileile iliyotoka nayo dukani? Ndani ya seva hiyo mna mishahara ya watu, alama za watoto, majibu ya vipimo vya wagonjwa. Waliwapa siri zao kwa kuwaamini.

Nawasihi: kesho asubuhi, kabla ya chai, mwiteni fundi aifungue ruta mbele yenu, awaonyeshe kila mlango unaopokea kutoka nje. Wa 445 aufunge mkiwa mmesimama hapohapo. Na 3389, wa kuendeshea kompyuta kwa mbali, aufunge pia.